Manjano, karafuu na saratani ya utumbo mpana: kipi kinafika, kipi kinaishia njiani

Kijiko kimoja cha chai cha manjano ya unga, kikisawazishwa kwa mgongo wa kisu, kina gramu 3 hivi. Ndani yake kurkumini, ile kemikali ya rangi inayosifiwa kwamba inapambana na saratani, kwa kawaida ni asilimia 3, na manjano mazuri sana hufika asilimia 5. Tuchukue 3: ni miligramu 90 kwa kijiko. Kijiko hicho kikiingia kwenye chungu cha mchuzi wa watu sita, kila mmoja kapata miligramu 15. Sasa, utafiti wa Marekani wa mwaka 2011 unaotajwa sana ulifanywa kwa wavuta sigara, na ulionyesha kurkumini ikipunguza kwa asilimia 40 alama za awali kabisa za uvimbe ndani ya utumbo mpana. Dozi yake ilikuwa gramu 4 kila siku, kwa siku 30. Waliopewa gramu 2 hawakubadilika. Anayetaka gramu 4 kutoka kwenye manjano ya soko la Darajani atalazimika kumeza vijiko 44 kwa siku.

Hesabu hii haina nia ya kuyavunjia heshima manjano. Visiwa hivi vya Zanzibar vimelelewa na viungo, na anayetembezwa mashamba ya Kizimbani au Kidichi huambiwa matumizi ya kila jani analoliona. Ila siku hizi ujumbe wa sauti unazunguka kwenye simu: habasoda na asali asubuhi, majani ya mstafeli jioni, na uvimbe utayeyuka wenyewe. Anayeupokea mara nyingi ana mgonjwa ndani, na anataka kujua kama ni kweli.

Utafiti upo, tena mwingi mno. Kinachowapoteza watu ni kwamba maswali matatu tofauti yamefungwa katika furushi moja. Je, kemikali hii inaua seli ya saratani ikiwa imewekwa nayo peke yake kwenye sahani ya maabara? Je, mtu akiinywa inafika pale saratani ilipo, kwa kiasi cha kutosha? Na je, wagonjwa walioitumia waliishi zaidi kuliko wenzao wasioitumia? Kwa swali la kwanza, karibu kila kiungo cha jikoni kina jibu la ndiyo. Kazi inaanza kwenye la pili.

Uvimbe unavyoanza

Utumbo mpana una urefu wa mita moja na nusu hivi, na sentimita 15 za mwisho ndizo puru, inayopokea choo kabla hakijatoka. Ukuta wake wa ndani umejaa vishimo vidogo, mamilioni yake. Chini kabisa ya kila kishimo kuna seli mama. Zikigawanyika, seli changa hupanda juu zikisukumwa na zinazozifuata, na baada ya siku 4 au 5 zinafika ukingoni, zinakufa na kutoka na choo. Kinachozuia msongamano ni protini iitwayo APC. Kazi yake ni kuhakikisha protini nyingine, beta-katenini, inavunjwa kabla haijaingia kwenye kiini cha seli na kutoa amri ya kugawanyika. Jeni ya APC ikiharibika, beta-katenini inarundikana, amri haikomi, na seli zilizotakiwa kufa zinabaki. Hapo huota kinyama, ambacho madaktari hukiita polipu.

Polipu nyingi hubaki hivyohivyo maisha yote. Chache hupata hitilafu za ziada, kwanza mara nyingi katika jeni ya KRAS, baadaye katika TP53, ambayo ndiyo inayoamuru seli mbovu ijiue. Eric Fearon na Bert Vogelstein walizipanga hatua hizo mwaka 1990, na mpangilio wao bado ndio unaofundishwa. Safari kutoka kinyama hadi saratani huchukua miaka 10 au zaidi.

Urefu wa safari hiyo ndio unaoleta mchanganyiko. Kuzuia polipu isiote ni kazi moja. Kuua saratani iliyokwisha kutoboa ukuta wa utumbo na kupandikiza mbegu zake kwenye ini ni kazi nyingine kabisa. Kemikali inayosaidia katika ya kwanza inaweza isifue dafu mbele ya hiyo ya pili, na wanaouza vidonge hawatenganishi.

Sahani ya maabara inasema nini

Maabara nyingi duniani hutumia seli zilezile, HCT-116 na HT-29, zilizotolewa zamani kwenye uvimbe wa wagonjwa na zinazoendelea kuzaliana kwenye chupa mpaka leo. Mtafiti anazimwagia kemikali, anasubiri siku moja hadi tatu, kisha anahesabu zilizobaki hai. Kurkumini inazizimia NF-kappa-B, swichi inayowasha inflamesheni, ule uvimbe wa joto na wekundu ambao ukidumu miaka mingi huirutubisha saratani. Thaimokwinoni ya habasoda inaamsha ile amri ya kujiua. Jinjeroli ya tangawizi inazisimamisha seli kabla hazijagawanyika. Yujenoli, ambayo ni asilimia 70 hadi 90 ya mafuta ya karafuu, inavuruga mitokondria, majiko ya nishati ya seli.

Yote hayo yameonekana na yamerudiwa. Lakini siki nayo, ukiimwaga kwenye sahani hiyo, itaziua. Sabuni pia, na maji ya chumvi nyingi. Kuua seli kwenye sahani si kazi ngumu. Ngumu ni kuua ya saratani na kuiacha salama iliyo jirani yake, ndani ya mtu anayepumua na kula.

Tena kuna suala la kiasi. Majaribio mengi ya sahani hutumia kurkumini ya maikromola 10 hadi 50, maikromola ikiwa ni kipimo cha ukolezi wa kemikali kwenye kimiminika. Watu waliomeza gramu 8 kwa siku, na hiyo ni dozi inayojaza tumbo, damu yao haikufika hata maikromola 2. Mwandishi wa habari akiandika "manjano yaua seli za saratani" bila kutaja namba hizi mbili, hajadanganya, lakini msomaji ameachwa gizani.

Kurkumini ina kasoro nyingine inayowasumbua wanakemia wenyewe. Aliyemwagikiwa na mchuzi kwenye kanzu nyeupe anajua jinsi manjano yanavyong'ang'ania. Ndani ya maabara ni vivyo hivyo: kurkumini hushika protini za kila aina bila kuchagua, na ikimulikwa inang'aa yenyewe, kwa hiyo kipimo kinachosoma mwanga huonyesha matokeo ambayo hayapo. Vilevile haidumu. Ikiwekwa kwenye kimiminika chenye hali ya damu lakini kisicho na protini za kuihifadhi, karibu asilimia 90 yake huvunjika ndani ya nusu saa. Mwaka 2017 kundi la wanakemia wa Marekani lilipitia maelfu ya makala kuhusu kurkumini na kuonya kwamba sehemu kubwa ya sifa zake huenda ni matokeo ya kasoro hizi. Kwa maoni yangu onyo hilo lilistahili kusambaa kwa kasi ileile iliyosambaza sifa.

Kwa nini utumbo ulileta matumaini

Pamoja na hayo, kuna sababu ya haki iliyowafanya watafiti wauchague utumbo mpana kuliko mapafu au ubongo. Kurkumini inakataa kuingia kwenye damu, lakini ukuta wa utumbo haihitaji damu kuufikia, kwani inapita juu yake moja kwa moja. Mwaka 2005 huko Leicester, Uingereza, wagonjwa waliokuwa wakisubiri upasuaji walipewa kurkumini kwa siku 7. Waliopata gramu 3.6 kwa siku, nyama ya utumbo wao ilipopimwa ilikutwa na kiasi kinachokaribia kile cha sahani ya maabara, hata ndani ya uvimbe wenyewe. Kwenye damu ilikuwa chembe tu.

Kwa hiyo juu ya ukuta wa utumbo inafika. Kwenye saratani iliyokwisha hamia ini, haifiki.

Wenye vidonge hujibu kwamba dawa ni pilipili manga. Utafiti wa India wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba miligramu 20 za piperini, kiasi kilichomo katika nusu gramu hivi ya pilipili manga, zikinywewa na gramu 2 za kurkumini, huongeza kurkumini kwenye damu kwa asilimia 2,000. Namba inatisha kwa ukubwa. Lakini bila piperini kiasi kile kilikuwa karibu na sifuri, na ongezeko lenyewe lilidumu muda mfupi tu. Piperini inafanya hivyo kwa kuvizuia vimeng'enya vya ini na utumbo visivunje kemikali ngeni. Vimeng'enya hivyohivyo ndivyo vinavyovunja dawa za hospitali, na tutavirudia.

Swali la tatu lilijibiwaje? Kuna ugonjwa wa kurithi ambao mtu huzaliwa na jeni ya APC iliyoharibika, na utumbo wake huota polipu kwa mamia akiwa bado kijana. Kama kuna mahali pa kuijaribu kurkumini kwa haki, ni hapo. Mwaka 2006 Marcia Cruz-Correa na wenzake waliwapa wagonjwa watano kurkumini pamoja na kemikali ya vitunguu iitwayo kwasetini kwa miezi sita. Polipu zikapungua kwa asilimia 60. Habari ikaenea, na mpaka leo ndiyo inayobandikwa kwenye vichupa. Ila walikuwa watano, na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Mtafiti huyohuyo akarudia kazi kwa utaratibu unaotakiwa: wagonjwa 44, miezi 12, gramu 3 za kurkumini kwa siku kwa kundi moja na vidonge vitupu kwa jingine, mgonjwa mwenyewe asijue amepewa kipi. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Makundi mawili hayakutofautiana, si kwa idadi ya polipu wala kwa ukubwa wake. Nampa heshima kubwa mtu anayetangaza jibu linaloizima habari njema yake mwenyewe.

Watafiti wa Leicester nao waliiongeza kurkumini ya gramu 2 kwa siku kwenye dripu za dawa za saratani, jaribio lenye wagonjwa 28 lililochapishwa mwaka 2019. Haikuwadhuru. Kwamba iliwaongezea maisha, watu 28 ni wachache mno kuthibitisha.

Mti mmoja uliofika hospitali

Hapa ndipo wengi hushangaa. Mmea unaotibu saratani ya utumbo mpana upo, na wagonjwa wa Unguja na Pemba wanaovuka kwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wanaweza kuandikiwa dawa yake. Inaitwa irinotekani. Asili yake ni mti wa China, Camptotheca acuminata, ambao Wachina wanauita mti wa furaha.

Mwaka 1966 Monroe Wall na Mansukh Wani, wanakemia wa Marekani, walitenga kemikali kutoka kwenye mti huo, wakaiita kamptothesini. Iliua seli za saratani kwa ukali. Lakini haikuyeyuka kwenye maji, kwa hiyo ili iweze kudungwa iligeuzwa chumvi, na kugeuzwa huko kulifungua pete moja ya umbo lake na kuipunguzia nguvu. Ilipofika kwenye kibofu, asidi ya mkojo iliifunga pete upya na nguvu ikarudi palepale. Wagonjwa wa miaka ya mwanzo ya 1970 walikojoa damu, wakaharisha, na chembe zao za damu zikaporomoka. Majaribio yakasimamishwa.

Mwaka 1985 ndipo ilipojulikana inafanya kazi gani hasa. Ili kuielewa, mfikirie mama wa pwani ya mashariki anayesokota kamba ya usumba. Nyuzi mbili zimepindana. Ukizishika mwishoni ukaanza kuzitenganisha, msokoto unasogea mbele na kukaza, mpaka kamba inajikunja na kukataa kufunguka. DNA ni kamba ya aina hiyo, na seli inayotaka kugawanyika lazima itenganishe nyuzi zake mbili. Kimeng'enya kiitwacho topoisomeresi-1 huja, hukata uzi mmoja, huuacha msokoto ulegee, kisha huunga palepale. Kamptothesini inapenya kama kabari katika dakika ile ya kabla ya kuunga. Uzi unabaki wazi. Mashine ya kunakili DNA ikija mbio ikagonga pale, nyuzi zote mbili zinakatika, na seli inakufa. Seli isiyogawanyika haina mashine inayokuja mbio, kwa hiyo inaponea chupuchupu. Seli za saratani hugawanyika sana. Lakini pia uboho wa mifupa, mizizi ya nywele na ukuta wa utumbo hugawanyika sana, na hapo ndipo madhara yanapotokea.

Wanakemia wa Japani wakaibadilisha kamptothesini ili iyeyuke kwenye maji bila kuipoteza ile pete. Ndiyo irinotekani, iliyoidhinishwa Japani mwaka 1994 na Marekani mwaka 1996. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1998, wagonjwa walioshindwa na dawa ya fluorourasili waligawanywa: wengine wakapewa irinotekani, wengine huduma ya kupunguza maumivu tu. Baada ya mwaka mmoja waliokuwa hai walikuwa asilimia 36 kwa kundi la kwanza na asilimia 14 kwa la pili. Hilo ni jibu la swali la tatu, na ni miaka 32 tangu mti ulipotengwa kemikali yake.

Dozi yake inafundisha jambo. Katika mpangilio unaotumika sana ni miligramu 180 kwa kila mita ya mraba ya ngozi, kila wiki mbili. Mtu mwenye mita za mraba 1.6 anapata miligramu 288, zilizopimwa kwa mzani na kuingizwa kwenye mshipa kwa saa moja na nusu. Gome la mti ule likichemshwa sufuriani, kemikali itatoka ngapi? Inategemea umri wa mti, msimu na sehemu iliyokatwa. Kwa dawa ambayo tofauti kati ya kuponya na kuua ni ndogo hivyo, makisio hayafai.

Mstafeli, habasoda na mafuta ya karafuu

Majani ya mstafeli yanahitaji onyo la wazi. Yana kemikali zinazozuia hatua ya kwanza ya uzalishaji nishati ndani ya mitokondria, na ndiyo maana zinaua seli za saratani kwenye sahani kwa dozi ndogo sana. Ila seli za ubongo zinategemea hatua hiyohiyo. Katika kisiwa cha Guadeloupe, ambako watu hula stafeli na kunywa chai ya majani yake kwa wingi, madaktari waliripoti mwaka 1999 idadi isiyo ya kawaida ya wagonjwa wenye ugonjwa unaofanana na Parkinson, ule wa mwili kutetemeka na kukakamaa, na usiosikia dawa za kawaida, na stafeli ikawa mshukiwa mkuu. Anayekula tunda lililoiva msimu ukifika hana haja ya hofu. Anayekunywa glasi tatu za majani yaliyochemshwa kila siku kwa miezi anajiingiza kwenye jambo jingine.

Habasoda kwa kiasi cha chakula haina tatizo, na imani ya mtu juu yake si jambo la kubishania. Kwa saratani ya utumbo mpana, ushahidi wake mpaka sasa ni wa sahani na panya.

Mafuta ya karafuu yanayokamuliwa kwenye kiwanda cha Makonyo pale Wawi, Chake Chake, ni bidhaa ya fahari ya Pemba, na tone moja kwenye pamba kwa jino linalouma lina sababu yake ya kisayansi. Kuyanywa ni hatari. Yujenoli ikizidi huliharibu ini kwa njia inayofanana na ya parasitamoli iliyozidi, na watoto wadogo waliokunywa mililita 5 hadi 10 wamepoteza fahamu na kuumia ini. Mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Karafuu kavu tano ndani ya chungu cha pilau hazina uhusiano na habari hiyo.

Kemikali isiyotangazwa

Kama ningeulizwa mmea gani una ushahidi imara zaidi wa kuikinga saratani hii, nisingetaja kiungo chochote. Ningetaja kunde. Sababu ni nyuzinyuzi, zile zisizosagika tumboni. Zikifika utumbo mpana bakteria huzichachua na kutoa asidi iitwayo butireti, na hiyo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo. Seli nzima huiunguza kama kuni. Seli ya saratani hupenda sukari, haiunguzi butireti vizuri, hivyo inairundika ndani mpaka inafika kwenye kiini na kubadili jeni zinazosomwa: ugawanyikaji unapungua, amri ya kujiua inarudi. Angalia tofauti na kurkumini: butireti inatengenezwa palepale inapohitajika, mchana na usiku, kwa kiasi kikubwa. Swali la kufika halipo.

Uchambuzi wa mwaka 2011 uliokusanya tafiti 25 ulikuta kwamba kila gramu 10 za nyuzinyuzi kwa siku zinaendana na hatari iliyopungua kwa asilimia 10. Mwaka 2015 watafiti waliwabadilishia chakula kwa wiki mbili Wamarekani weusi 20 na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini. Wamarekani wakala nyuzinyuzi nyingi na mafuta machache, wenzao wakala kinyume. Ndani ya siku 14 tu, inflamesheni na kasi ya seli kugawanyika vilishuka kwa wa kwanza na kupanda kwa wa pili. Wiki mbili! Wanaotoka shamba Micheweni kuhamia mjini na kubadili sahani zao wanapaswa kulijua hilo.

Kwa jiko la hapa: kikombe cha kunde zilizopikwa kina gramu 11 hivi, kikombe cha wali mweupe hakifiki gramu 1. Mbaazi za nazi za asubuhi ziko upande wa kunde, mkate wa mofa wa mtama pia. Ndizi ambazo hazijaiva sawasawa zina wanga usiosagika unaofanya kazi ileile. Asiyezoea aongeze taratibu, nusu kikombe kwa wiki ya kwanza, na maji ya kutosha, la sivyo tumbo litajaa gesi na ataacha. Mwenye uvimbe uliokwisha kuubana utumbo asiongeze kabla ya kumuuliza daktari, maana nyuzinyuzi zinaweza kuziba palipobaki.

Aliye kwenye dripu

Vimeng'enya vile vinavyozuiwa na piperini vinashughulika pia na irinotekani. Kuvizuia kunaweza kuizidisha dawa mwilini, kuviamsha kunaipunguza. Mmea mmoja wa Ulaya unaouzwa kwa ajili ya huzuni, unaoitwa wa Mtakatifu Yohana, ulipotumiwa pamoja na irinotekani uliishusha ile sehemu yake inayofanya kazi kwa asilimia 42. Mgonjwa alikaa kwenye dripu akaondoka na zaidi kidogo ya nusu dozi bila kujua. Manjano, bizari, tangawizi na pilipili manga za kwenye mchuzi ziendelee. Vya kusimamisha ni vidonge na unga wa kujazia vijiko: kurkumini iliyotiwa piperini, dondoo za mimea, mafuta ya karafuu ya kunywa. Vidonge vya manjano vyenye piperini vimeripotiwa Italia na Marekani kuumiza ini, na ini ndilo linaloisafisha irinotekani. Kabla ya upasuaji, simamisha vyote wiki mbili mapema kwa sababu baadhi yake hulegeza kuganda kwa damu.

Tangawizi ni rafiki wa kweli kwenye kichefuchefu. Jaribio kubwa la Marekani lilikuta nusu gramu hadi gramu 1 kwa siku, ikianzwa siku tatu kabla ya dripu, inasaidia juu ya dawa za kuzuia kutapika, na dozi kubwa zaidi haikuwa bora.

Jambo linalowakuta wengi wakiwa wamerudi nyumbani ni kuharisha. Ini huifunga irinotekani kwa sukari na kuitupa kupitia nyongo, lakini bakteria wa utumbo huivua sukari hiyo na sumu inaamka ndani ya utumbo, mara nyingi siku ya 5 na kuendelea. Siku ya 5 mtu wa Pemba ameshashuka bandari ya Mkoani. Kwa hiyo loperamidi na pakiti za maji ya chumvichumvi zinunuliwe kabla ya kupanda boti. Choo cha kwanza cha maji: miligramu 4 papo hapo, kisha 2 kila baada ya saa mbili mpaka zipite saa 12 bila kuharisha, isipokuwa daktari wake ameelekeza vingine. Pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, au kuharisha kunakopita siku moja, ni kwenda hospitali usiku uleule, kwa sababu chembe nyeupe huwa zimeshuka.

Damu inayoitwa bawasiri

Madhara makubwa kabisa ya viungo katika ugonjwa huu hayatokani na kemikali yake. Yanatokana na miezi. Mtu anaona damu kwenye choo, anaambiwa ni bawasiri, anapewa dawa ya miti, damu inakoma wiki mbili, inarudi, anapewa nyingine. Uvimbe hutoa damu kwa vipindi, kwa hiyo kila dawa huonekana imefanya kazi. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba saratani hii ikikutwa bado ndani ya utumbo, takriban wagonjwa 90 kati ya 100 wako hai baada ya miaka mitano. Ikikutwa imefika ini au mapafu, ni 15 hivi.

Bawasiri ipo na ni ya kawaida sana. Lakini damu iliyochanganyika na choo chenyewe, choo kilichobadilika kuwa chembamba kama kamba kwa wiki kadhaa, hamu ya kwenda haja isiyoisha hata ukishatoka, kupungua uzito, au upungufu wa damu kwa mwanamume au kwa mwanamke aliyekwisha koma hedhi: lolote kati ya hayo linataka kidole cha daktari na kolonoskopi, ule mpira mwembamba wenye kamera. Polipu ikionekana hukatwa palepale, na saratani ambayo ingekuja baada ya miaka 10 imeondolewa kabla haijazaliwa. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyepata saratani hii aseme mapema, hata akiwa hana dalili.

Na anayetumia dawa ya miti asiifiche kwa daktari kwa kuogopa kugombezwa. Jina pekee halitoshi, kwa sababu jani moja huitwa hivi Makunduchi na vingine Wete. Chukua jani lenyewe au unga wenyewe kwenye mfuko, andika juu yake unakunywa kiasi gani, mara ngapi na tangu lini, na uweke pamoja na kadi ya hospitali.